Tulipofungua Injini ya Babu

Pikipiki ya babu ilikaa kwenye banda la kuni, Njombe, tangu mwaka 1988. Kuku walitaga juu ya kiti chake. Babu alipofariki, ukoo ulikaa kikao baada ya matanga, na baba mdogo akasema wazi kwamba mnunuzi wa chuma chakavu apite, apime kilo zake, aondoke nayo. Mimi nikaomba mwezi mmoja. Nikasema nataka kwanza kuifungua injini nione kama bado ina uhai. Watu wakacheka, maana sikuwa nimewahi kufungua hata baiskeli. "Haya bwana injinia," akasema baba mdogo, "mwezi mmoja tu."

Basi nikaipakia kwenye pikapu mpaka Makambako, kilomita kama 60, kwa fundi mmoja wa bodaboda aliye karibu na njia panda. Makambako, ndugu msomaji, ni mji uliokuzwa na njia. Kuna barabara kuu ya Zambia, kuna reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na kuna lami ya kwenda Njombe na Songea iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza. Mji wa namna hiyo haukosi mafundi.

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hii umeitoa wapi? Niliiona nikiwa mtoto." Akachuchumaa, akajaribu spana ya kwanza, haikushika. Ya pili, vilevile. Kumbe spana zake zote ni za milimita, na nati za Mwingereza wa zamani hupimwa kwa inchi. Siku ya kwanza ikaishia hapo hapo, tunazunguka mjini kuazima spana kwa mafundi wazee wa matrekta.

Pikipiki yenyewe ni BSA Bantam. BSA kilikuwa kiwanda cha bunduki cha mjini Birmingham kilichoanza mwaka 1861, na ndiyo maana alama yake ni bunduki tatu. Bantam ilitoka mwaka 1948, injini ndogo ya sentimita za ujazo 123, gia tatu, ya mipigo miwili, yaani haina valvu, na oili yake huchanganywa ndani ya petroli. Mwaka uliofuata, 1949, serikali hiyo hiyo ya Uingereza kupitia shirika lake la maendeleo ya makoloni ilianzisha kampuni ya miwati huku Njombe. Babu alikuwa karani katika mashamba hayo. Alitusimulia kwamba aliinunua mwaka 1962 kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao.

Lakini Mwingereza hakuibuni injini hii. Mbunifu ni Mjerumani. Ni DKW RT 125 ya kiwanda cha Zschopau, ya miaka ya mwisho wa 1930. Ujerumani iliposhindwa vita mwaka 1945, michoro ilichukuliwa kama fidia. Warusi wakaitengeneza, Wamarekani wa Harley-Davidson wakaitengeneza, na BSA wakaigeuza kama picha kwenye kioo, gia ikahama kutoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia. Hata Wajapani, pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, mwaka 1955, iliiga hiyo hiyo. Nilipomweleza fundi akatikisa kichwa. "Kwa hiyo ni kama Tanganyika," akasema. "Mjerumani kapigwa, Mwingereza kachukua." Sikuwa na la kuongeza.

Siku ya pili tukaanza kazi hasa. "Nati usizitupe kwenye kopo moja," fundi alinionya. "Kila nati na tundu lake." Nikatandika gazeti, nikaandika namba. Tukatoa kabureta, tukashusha injini kwenye fremu. Nati nne za kichwa cha silinda zilikuwa zimeganda kwa kutu, tukazinywesha mafuta ya taa tukalala. Kesho yake zikalegea, moja ikalia kama mlango mbovu. Kichwa kikatoka, na juu ya pistoni palikuwa na masizi meusi kama sufuria ya kijijini. Mikono yangu ilitetemeka, sitaki kudanganya.

Tulipoinua silinda, chini yake palitokea gasketi ya karatasi. Fundi alitaka kuikwangua, nikamwambia ngoja. Ilikuwa imeloa oili lakini ilisomeka: 7 x 8 = 56. Ni jalada la nyuma la daftari la shule.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakitafuta. BSA iliacha kutengeneza Bantam mwaka 1971, na miaka miwili baadaye biashara yake ya pikipiki ikafa. Kisha ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, na baada yake fedha za kigeni hazikuwepo. Watu walipanga foleni ya sabuni, sembuse spea za pikipiki ambayo kiwanda chake kimefungwa! Lakini babu aliendelea kuiendesha mpaka 1988. Kuna mtu alikata karatasi hiyo kwa wembe, tundu kwa tundu, na haikuvuja. Jina lake halimo katika kitabu chochote. Kazi yake tu ndiyo iliyobaki, na ingekwenda kuyeyushwa.

Nikampigia baba mdogo. Alikuja kwa basi, akaishika ile gasketi, akaisogeza kwenye mwanga. Akanyamaza. Halafu akacheka mpaka akakaa chini. "Hili ni langu. Darasa la nne. Nilichapwa viboko vinne kwa daftari lisilo na jalada. Nikamwambia mwalimu limeliwa na mbuzi, kumbe kweli sikujua lilikokwenda."

Beringi ya konrodi imekufa, fundi anasema, na kuipata itachukua muda. Injini bado iko mezani, kila nati na namba yake. Mwezi ulipoisha mnunuzi wa chuma chakavu alipita Njombe kama alivyoahidi. Baba mdogo alimuuzia mabati mabovu ya banda.