Uzazi Bila Hofu na Uchungu wa Kuanzishiwa

Mwaka 1933 kilichapishwa mjini London kitabu kiitwacho Natural Childbirth, kilichotungwa na tabibu wa Kiingereza jina lake Grantly Dick-Read, na ndani yake mlikuwa na dai ambalo matabibu wengi wa zama zile walilipokea kwa mshangao, na baadhi yao kwa ghadhabu: ya kwamba sehemu kubwa ya maumivu ya mwanamke anayejifungua haitokani na umbile lake, wala si adhabu iliyoteremshwa juu ya wanawake wote, bali huzaliwa na hofu, kwa kuwa hofu huikaza misuli, na misuli iliyokazwa hushindana na mji wa mimba unaojitahidi kufunguka, na katika kushindana huko ndipo maumivu yazidipo, nayo yakizidi huiongeza ile hofu iliyoyaleta. Kutokana na dai hilo kimetoka kizazi kizima cha mafundisho ya kupumua, kulegeza mwili na kuituliza nafsi, ambayo siku hizi mashuhuri yake ni yale yaitwayo HypnoBirthing. Nakusudia kuisimulia tarehe ya mafundisho hayo sambamba na tarehe nyingine ambayo watu wamezoea kuiona hasimu yake, yaani ile ya kuanzishiwa uchungu kwa dawa. Maana naamini kwamba mambo haya mawili hayana uhasama wowote, na kwamba mwanamke aliyetundikiwa dripu ana haja ya utulivu labda kuliko yule ambaye uchungu umemjia wenyewe kwa wakati wake.

Dick-Read mwenyewe alieleza kwamba fikira yake ilianzia Whitechapel, mtaa wa mafukara upande wa mashariki wa London, alipokuwa tabibu kijana kabla ya vita vya mwaka 1914. Aliitwa usiku kwenda kumzalisha mwanamke maskini, naye, kama ilivyokuwa desturi, akamtolea klorofomu. Mwanamke yule akaikataa kwa upole, akajifungua kwa utulivu, na alipoulizwa baadaye sababu ya kuikataa, akajibu kwamba hakuumia, na kwamba hakudhani kuwa kazi ile iliumbwa ili imwumize mtu. Jibu hilo halikumtoka tabibu moyoni.

Ili tufahamu uzito wa jibu lile, hatuna budi kukumbuka hali ilivyokuwa. James Young Simpson wa Edinburgh alikuwa ameanza kuwapa wazazi klorofomu mwaka 1847, na mwaka 1853 Malkia Victoria alipojifungua mwanawe Leopold aliivuta dawa hiyo kwa mkono wa tabibu John Snow, na tangu hapo wale walioipinga kwa hoja za dini wakapungukiwa na nguvu. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji wa Freiburg huko Ujerumani, matabibu Krönig na Gauss wakaeneza dawa mbili zilizochanganywa, mofini na skopolamini, ambazo hazikumwondolea mwanamke maumivu kwa ukamilifu bali zilimfutia kumbukumbu yake, hata akaamka asijue kwamba amezaa. Wanawake wengi wa tabaka la juu wa Ulaya na Marekani waliitaka dawa hiyo kwa hamu, nami siwalaumu, kwani aliyeumia sana ana haki ya kutafuta faraja popote ilipo. Lakini lililopotea ni kubwa, maana mama aliondolewa katika tukio ambalo yeye ndiye mwenyewe.

Hata hivyo Dick-Read hakuwa mtu wa kusifiwa bila kupimwa. Aliamini kwamba wanawake wa mataifa aliyoyaona kuwa hayajastaarabika huzaa bila shida, na baada ya kukaa miaka kadhaa Afrika Kusini alisafiri barani Afrika pamoja na jamaa yake akitafuta ushahidi wa imani hiyo, safari aliyoiandikia kitabu No Time for Fear, kilichotoka mwaka 1955. Lau angaliketi na kumsikiliza mkunga yeyote wa Lamu au wa Bagamoyo angaliambiwa habari za wazazi waliopiga kelele usiku kucha, na za waliofariki na vichanga vyao kwa kukosa msaada, kwa kuwa mwanamke wa Kiafrika huumia kama anavyoumia mwanamke wa Kiingereza. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba karibu maumivu yote ni hofu, ilhali hofu ni sehemu tu ya maumivu. Lakini sehemu hiyo ipo kweli, naye aliiona wakati ambapo wenzake hawakuitazama.

Wakati huohuo, mbali na London, njia nyingine ilikuwa ikichimbwa. Neno hipnosisi, yaani kumtuliza mtu kwa maneno mpaka nafsi yake ielekee jambo moja, lilienezwa na James Braid, mpasuaji wa Manchester, katika kitabu chake cha mwaka 1843, na katika miaka ya 1920 matabibu wa Kharkov huko Ukraine, Platonov na Velvovsky miongoni mwao, walikuwa wakiwatuliza wazazi kwa hipnosisi. Kazi hiyo ilihitaji muda mwingi kwa kila mwanamke mmojammoja, na kwa hiyo Velvovsky na wenzake wakaigeuza kuwa masomo ya kundi, wakisimama juu ya elimu ya mwanasayansi wa Kirusi Pavlov, hata serikali ya Kisovieti ikaamuru mwaka 1951 ienezwe nchini kote. Mwaka huohuo tabibu wa Kifaransa Fernand Lamaze, aliyekuwa na umri wa miaka ipatayo 60, alizuru nchi hiyo, akamwona mwanamke akijifungua kwa njia ile, akarudi Paris na kuianzisha katika zahanati ya Les Bluets, iliyokuwa mali ya chama cha wafanyakazi wa vyuma. Kwa kuwa jambo lilitoka kwa Makomunisti, Wakatoliki wengi walilitilia shaka, mpaka Papa Pius XII alipohutubia matabibu mwezi wa Januari mwaka 1956 na kusema kwamba hakuna katika imani kinachomzuia mwanamke kujifungua bila maumivu. Shaka langu mimi ni la namna nyingine: huko Paris wazazi walitiwa katika madaraja kwa jinsi walivyojizuia, na mwanamke aliyelia alihesabiwa kuwa ameshindwa, na dhuluma hiyo ingaliko mpaka leo kila mahali ambapo utulivu umegeuzwa kuwa mtihani.

Marie Mongan, mwanamke wa New Hampshire, Marekani, aliyewazaa watoto wake katika miaka ya 1950 kwa kufuata mafundisho ya Dick-Read, ndiye aliyeyaunganisha mafundisho hayo na hipnosisi mwaka 1989, akayapa jina la HypnoBirthing. Mja mzito hufundishwa kuvuta pumzi taratibu kwa pua na kuitoa kwa kitambo kirefu zaidi. Kulegeza taya, mabega na mikono. Kusikiliza kila usiku maneno ya kutuliza mpaka mwili uyazoee. Na mwenziwe, awe mume au mama au dada, hufundishwa namna ya kumshika na kusema naye. Hapana usingizi wala kupotewa na akili. Mwanamke anasikia kila neno na kuamua kila jambo.

Sasa nije katika tarehe ya pili. Kuanzisha uchungu kabla ya wakati wake si jambo la jana. Mwaka 1756 matabibu wa London walikubaliana kwamba inafaa kumzalisha mapema mwanamke ambaye mifupa ya nyonga yake imebana, ili mtoto atoke angali mdogo, nao walifanya hivyo kwa kuipasua chupa. Mwaka 1906 Henry Dale aligundua kwamba maji ya tezi iliyo chini ya ubongo huukaza mji wa mimba, na mwaka 1953 Mmarekani Vincent du Vigneaud akaweza kuitengeneza maabarani oksitosini, yaani kile kilichomo katika maji hayo chenye kuukaza mji wa mimba, kazi iliyompatia tuzo ya Nobel mwaka 1955.

Na hapa Afrika Mashariki ina fungu ambalo wenyewe tumelisahau. Mwaka 1966 mtafiti Sultan Karim alionyesha kwamba katika maji ya chupa ya mwanamke mwenye uchungu mna kitu kiitwacho prostaglandini, na mwaka 1968, akiwa katika chuo cha tiba cha Makerere, Kampala, alitangaza pamoja na wenzake katika jarida la matabibu wa Uingereza kwamba wamewaanzishia wanawake uchungu kwa dawa hiyo iliyopitishwa katika mshipa. Leo kidonge au jeli ya jamii ile hutumika duniani kote kulainisha mlango wa mji wa mimba. Mwanamke wa London au wa Toronto anayewekewa dawa hiyo ana deni kwa wazazi wa Kampala ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Wanaoanzishiwa ni wale ambao mimba yao imepita wiki 41, au waliopandwa na presha ya mimba, au ambao chupa imepasuka na uchungu haukufuata. Hulainishwa kwanza mlango wa mji, kwa dawa au kwa mpira mdogo unaojazwa maji, na kazi hiyo yaweza kuchukua siku nzima na zaidi. Kisha hupasuliwa chupa. Kisha hutundikwa dripu ya oksitosini, matone yakiongezwa kidogokidogo hata uchungu uje mara tatu au nne katika kila dakika 10. Uchungu wa dripu aghalabu huja kwa nguvu na kwa kufuatana, na mwili haupati ile nafasi ya kuzoea polepole. Ndiyo sababu wanawake wengi waliojiandaa kwa HypnoBirthing, wakiambiwa kwamba wataanzishiwa, hudhani kwamba maandalizi yao yamebatilika. Hayakubatilika. Katika zile saa ndefu za kungoja, ambapo hakuna la kufanya ila kusikiliza mashine na nyayo za wauguzi, pumzi iliyofunzwa ndiyo mali pekee iliyo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe. Tena utulivu waweza kuufaa mwili wenyewe, kwani mwaka 1966 mtafiti Niles Newton wa Chicago alikwisha kuonyesha kwa panya kwamba mnyama anayesumbuliwa wakati wa kuzaa hukawia kuzaa.

Haki inataka niseme pia kwamba utafiti haukuthibitisha kila lililodaiwa. Utafiti uliofanywa kaskazini magharibi ya Uingereza na kutangazwa mwaka 2015, kwa wanawake 680, ulionyesha kwamba waliofundishwa hipnosisi walihitaji sindano ya ganzi ya mgongoni karibu sawa na wasiofundishwa. Lakini wiki mbili baada ya kujifungua, walisema kwamba kuzaa kuliwatia hofu na wasiwasi mchache kuliko walivyotazamia. Mimi sioni kwamba hilo ni faida ndogo. Mwanamke huibeba kumbukumbu ya kuzaa kwake mpaka kaburini.

Nasi watu wa pwani hatukuwa wageni wa maarifa haya. Mkunga aliketi nyuma ya mzazi akamwegemeza kifuani, akamsugua mgongo na kumwambia maneno ya kumpa moyo. Mwalimu aliandika kombe kwa zafarani, likaoshwa na kunywewa. Na kila mwanamke wa Kiislamu aliijua habari ya Bibi Maryamu, aliyeshikwa na uchungu kwenye shina la mtende, akaambiwa asihuzunike, akapewa maji na tende mbivu. Walikuwapo pia waliowapa wazazi mitishamba ya kuzidisha uchungu, na hilo silisifu, kwa maana kipimo chake hakijulikani na imepasua miji ya mimba ya wengi. Kazi hiyo na iachiwe dripu, ambayo yaweza kupunguzwa na kufungwa.

Tulipohamia hospitali, na tulifanya vema kuhamia, tuliichukua dawa tukamwacha mlangoni yule aliyekuwa akimwegemeza mzazi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila mzazi awe na mwenzi amtakaye wakati wa uchungu, na kwamba afundishwe kupumua na kulegeza mwili akipenda. Nawasihi wakuu wa wodi za wazazi katika nchi zetu walitekeleze pendekezo hilo, na kwanza kabisa kwa wanaoanzishiwa uchungu: wawekewe pazia, aruhusiwe mama au dada kuingia, na mkunga atakayetundika dripu amweleze mgonjwa, kwa sauti ya chini, ni kitu gani anamtilia na atahisi nini.