Filamu za Watoto, Watazamaji Wazima

Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 1 Septemba 1920 ilimkataza mtoto asiyetimiza miaka 16 kuingia sinema, isipokuwa filamu yenyewe iwe imepitishwa na tume. Mwaka 1936 koloni ya Kongo nayo ikapata amri yake, ila huku aliyechaguliwa filamu alikuwa Mwafrika, mzee kwa kijana. Baba yangu, fundi wa kampuni ya shaba ya Union Minière hapa Lubumbashi, enzi hizo Élisabethville, mume wa mtu na baba wa watoto, alitazama filamu kwa kibali cha aina ileile aliyoihitaji mvulana wa Brussels. Tofauti ni kwamba yule mvulana angekua.

Kwenye kambi ya wafanyakazi, alivyotusimulia, shuka nyeupe ilitundikwa jioni, watoto wakakaa chini mbele, wakubwa wakasimama nyuma. Kando alisimama mtu wa kueleza picha kwa Kiswahili, naye hakukosa kutia chumvi yake. Filamu ilikuwa moja kwa wote, na somo moja: usafi, kazi, ulevi ni mbaya.

Nisiwaonee mapadri, ambao nao walitutengenezea filamu. Albert Van Haelst, mmisionari aliyetengeneza filamu miaka ya 1950, alitupa Matamata na Pilipili, jozi ya wachekeshaji ambayo baba aliicheka mpaka uzeeni. Mmisionari mwenzake, Alexandre Van den Heuvel, alitengeneza katuni za Mboloko, yule paa mdogo mjanja wa hadithi zetu. Hizo zilikuwa za watoto kweli. Kosa lilikuwa kumkalisha mchimba shaba mbele yazo na kumwambia: hiki ndicho kiasi chako.

Televisheni ya taifa ilianza Kinshasa mwaka 1966. Kwetu kilichonasa watu miaka ya 1970 ni Mufwankolo, kundi la Kyembe Kaswili, lenye mizizi kwa vijana wa skauti na lililokwisha kuzoeleka redioni. Hawakukariri maandishi. Walikubaliana juu ya kisa, kisha kila mmoja akajitafutia maneno kwa Kiswahili cha hapahapa: mshahara ulioliwa, ndugu waliohamia bila kualikwa, chifu mlafi. Mwenye televisheni alijaziwa sebule. Mtoto alicheka mtu akianguka. Mama yake alicheka kwa sababu alimjua huyo chifu. Kwangu hiyo ndiyo elimu bora iliyowahi kupita kwenye skrini za mji huu, na hakuna aliyeulizwa umri.

Sasa ninaishi mtaa wa Hewa Bora na wajukuu, na kazi ya tume imeniangukia. Napakua vipindi kwenye simu mega zikiwepo, maana umeme haungoji ratiba. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam, walioanza na Ubongo Kids mwaka 2014, wamegawa umri waziwazi: Akili and Me ni ya miaka 3 hadi 6, Ubongo Kids ya 7 hadi 14. Mgawanyo huo nimeuona ukifanya kazi. Mdogo anataka wimbo uleule wa kuhesabu, tena na tena, pamoja na Akili wa miaka 4 na wanyama wa Lala Land. Mkubwa huinuka mara moja: “Kambo, hii ni ya batoto!”

Simwiti arudi. Baba angemwelewa. Huyo mkubwa namwekea Kiduchu na wenzake wa Ubongo Kids wakihangaika na hesabu, na hata hapo, mwenye kufundisha akianza kurudia jambo kana kwamba mtoto hasikii, nageuza kipindi bila kungoja aombe.