Tabora: Kitovu cha Njia Panda

Tabora haina ziwa wala bandari, na hakuna mto mkubwa unaokatiza mji. Hata hivyo, tangu enzi za misafara unaitwa kitovu. Kitovu cha nini? Mkazi wake angetoa jibu tofauti katika kila kizazi.

Kwanza ni biashara. Katikati ya karne ya 19 Waarabu na Waswahili walijenga tembe zao Kazeh, mahali ilipo Tabora ya leo, nchini Unyanyembe. Njia ya kutoka Bagamoyo ilipofika hapo iligawanyika: moja ilikwenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi kuelekea Katanga. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, yaani kiongozi wa njia, na bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja. Nyuma yake wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Wengi walikuwa Wanyamwezi. Wakifika Unyanyembe walitua mizigo na kurudi makwao, na masika yakikaribia jembe lilikuwa na nguvu kuliko ujira. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipoingia Novemba 1857, iliwabidi wakae wakisubiri wapagazi wengine.

Penye mali hapakosi ugomvi. Mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe aliwatoza Waarabu ushuru. Nao, karibu na 1860, wakamng'oa na kumsimika Mkasiwa. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya Ujiji, na Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akalazimika kuzungukia kusini. Januari 1893 Wajerumani waliivamia ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, naye akalilipua ghala lake la baruti badala ya kusalimu amri.

Reli ilipofika mwaka 1912 ilimtua mpagazi mzigo, lakini njia panda ilibaki palepale: mwaka 1914 reli ilifika Kigoma, na mwaka 1928 tawi la kaskazini likafika Mwanza.

Januari 1958 ikawa zamu ya siasa. Wajumbe wa TANU walikutana Tabora kubishana juu ya kura tatu, utaratibu uliomtaka mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja. Nyerere aliwashawishi waukubali. Zuberi Mtemvu, aliyeupinga, akajitoa TANU na kuanzisha chama chake.

Mizigo ya wapagazi, bunduki, mabehewa na kura vimepishana hapo. Walioupigania mji huu hawakufuata utajiri uliofukiwa ardhini. Walijua kwamba anayeshika njia panda ndiye anayeamua nani apite, na kwa bei gani.