Mkorogo

Mkorogo ni mchanganyiko wa krimu, losheni na sabuni, pengine na dawa za hospitali, unaopakwa mwilini ili ngozi iwe nyeupe. Umeenea katika miji ya Afrika Mashariki na Kongo. Wanaoutumia wengi ni wanawake, ingawa wanaume nao wamo, na kitendo chenyewe huitwa kujichubua au kujikoboa. Hupatikana saluni na kwenye maduka ya vipodozi, mara nyingi ndani ya kikopo kisicho na lebo, muuzaji akiwa amekoroga mwenyewe kwa kukadiria. Vifundo vya vidole, viwiko na magoti havibadiliki upesi kama uso, kwa hiyo mtumiaji hujulikana kwa sugu zake, na watani humwita uso Fanta, miguu Coca-Cola.

Rangi ya ngozi hutokana na melanini, ambayo seli za ngozi huitengeneza kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho tirosinasi. Haidrokwinoni na chumvi za zebaki, ambazo hutiwa kwenye mkorogo, hukizuia kimeng'enya hicho kufanya kazi. Kiambato kingine kinachopatikana humo ni steroidi kali kama klobetasoli, dawa ambayo daktari huiandika kwa magonjwa kama ukurutu, ipakwe sehemu ndogo kwa muda mfupi. Mpakaji wa mkorogo huipaka mwili mzima, miaka nenda miaka rudi.

Jambo hili si la jana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ukapiga vita sketi fupi, mawigi, nguo za kubana na krimu za kujichubua jijini Dar es Salaam. Kampeni ilimwandama msichana barabarani. Nani aliyemfundisha kuichukia rangi yake, hilo halikushughulikiwa sana.

Somo la kwanza hutolewa nyumbani, tena kwa mapenzi. Mtoto akizaliwa, mashangazi na majirani hukagua ncha za masikio na mizizi ya kucha wapate kujua atakuwa mweusi kiasi gani. Ndugu wawili wakikua pamoja, mweupe husifiwa sura, mweusi husifiwa bidii. Binti akirudi likizo na kuamkia, "Shikamoo shangazi," hujibiwa, "Marahaba mwanangu. Mbona umefubaa hivyo?" Mwenzake aliyeanza kujipaka anaambiwa ametakata, na hakuna anayemuuliza kwa gharama gani. Singo ya pwani, yenye liwa na marashi, ni ya kulainisha na kunukiza mwili wa bibi harusi na haina kosa lolote; lakini siku hizi wapo wanaoona biharusi hajaandaliwa mpaka arusi imkute na rangi nyingine.

Juu ya msingi huo ndipo matangazo hujenga. Krimu ya Fair & Lovely, iliyoanza kuuzwa India mwaka 1975 na kufika hadi maduka ya Afrika Mashariki, ilitangazwa kwa hadithi za msichana asiyepata kazi wala mchumba mpaka atakapokuwa mweupe. Mwaka 2020 iliitwa Glow & Lovely. Jina lilibadilika kirahisi kuliko hadithi. Leo simu nazo zina filta zinazong'arisha uso kabla mwenyewe hajajitazama vizuri.

Mwigizaji Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya, ameeleza kwamba nyumbani mdogo wake mwenye rangi nyepesi ndiye aliyeitwa mrembo, na kwamba aliwahi kuambiwa kwenye usaili kuwa ni mweusi mno kwa televisheni. Familia na chombo cha habari walimpa jibu moja. Katika hotuba ya Februari 2014 alisema utotoni alimwomba Mungu aamke akiwa mweupe, na kwamba mtazamo wake ulianza kubadilika alipomwona mwanamitindo Alek Wek, mzaliwa wa Sudan Kusini, akisifiwa kwa uzuri. Mwaka 2019 alitoa kitabu cha watoto, Sulwe, kuhusu jambo hilohilo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliowahoji wanawake 42 wa Dar es Salaam wanaojichubua, ulipata sababu mbalimbali: kumridhisha mwanamume, kuwapendeza wenzao, kuondoa chunusi, kufanana na Wazungu. Sababu moja inatisha kuliko zote: wapo walioendelea kujipaka ili kuondoa madhara ya kujipaka.

Madhara hayo yanajulikana. Haidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu huweza kuleta mabaka meusi ya kibuluu yasiyotoka. Steroidi hukondesha ngozi, huleta michirizi na kuchelewesha kidonda kupona, jambo linalowasumbua madaktari wanaposhona mgonjwa baada ya upasuaji. Zebaki huharibu figo na kumdhuru mtoto aliye tumboni. Tena hubaki kwenye taulo na mashuka, ikawaingia watoto wa nyumba hiyo ambao hawajawahi kugusa kikopo.

Afrika Kusini ilipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990. Rwanda ilianza msako mkali wa krimu hizo mwishoni mwa 2018, baada ya Rais Kagame kuunga mkono hatua hiyo hadharani. Mkataba wa Minamata wa 2013 unazitaka nchi wanachama kuondoa sokoni vipodozi vilivyotiwa zebaki. Tanzania ina orodha ndefu ya vipodozi vilivyokatazwa, na tangu 2019 usimamizi wake uko chini ya Shirika la Viwango (TBS). Bidhaa hizo bado hupita mipakani, kwa kuwa wateja wapo, na sheria haina namna ya kumkataza shangazi kusifu.

Anayetaka kuacha mkorogo asiache ghafla peke yake. Ngozi iliyozoea steroidi hulipuka kwa wekundu, muwasho na vipele, na wengi hurudia kikopo kwa kuogopa hali hiyo. Daktari wa ngozi huweza kumpunguzia dawa hatua kwa hatua. Aende nacho hicho kikopo, hata kama hakina lebo, na aseme ukweli amekipaka kwa muda gani.