Domo la bata: miaka 180 ya chombo kilichokosa darasa

Juni 28, 2026 ni miaka 180 tangu Ufaransa impe Adolphe Sax hataza ya saksofoni. Kwa wapenzi wa muziki wa dansi hilo ndilo domo la bata, ile shaba yenye shingo iliyopinda inayokuja juu pale magitaa yanapotulia. Siku hizi kijana akilitamani haulizi chuo kiko wapi. Anafungua simu, anaandika neno moja, masomo yanamiminika. Wakongwe wanaguna: muziki gani huo wa kufundishwa na kioo?

Wangeijua historia ya chombo chenyewe, wasingeguna sana.

Sax alizaliwa Dinant, Ubelgiji, Novemba 6, 1814, mtoto wa fundi wa ala za muziki. Utotoni alianguka ngazini, akameza pini, akaunguzwa na baruti, hata majirani wakambandika jina la mzuka. Mwaka 1842 alihamia Paris na wazo lake: ala yenye mwili wa shaba wa kusikika uwanjani, lakini inayopulizwa kwa ulimi wa tete kama klarineti. Mtunzi Hector Berlioz akamsifia gazetini mwaka huohuo. Mafundi wa Paris, wenye karakana na wateja wao wa miaka mingi, hawakufurahi.

Hapo ndipo penye kisa. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu ugomvi ule inatokana na watetezi wa Sax, hasa Oscar Comettant aliyechapa kitabu kizima cha kumtetea mwaka 1860, kwa hiyo msomaji apime chumvi mwenyewe. Bendi za jeshi la Ufaransa zilikuwa zimezorota, na Sax alidai anazo ala za kuzifufua. Atakayeliuzia jeshi amepata soko la nchi nzima. Basi ukaitishwa mpambano wa hadhara katika uwanja wa Champ de Mars, Aprili 22, 1845. Upande mmoja Michele Carafa, mkuu wa shule ya muziki wa jeshi, na bendi ya ala za kale. Upande wa pili Sax na ala zake mpya. Inasemekana watu 20,000 walifurika.

Saa ikafika, wapulizaji saba wa Sax hawaonekani. Watetezi wake wanasema walihongwa. Sax hakuahirisha; alishika ala mwenyewe akaingia mstarini na kikosi pungufu. Umati ulimshangilia yeye. Tuseme ukweli, kilichong'ara siku ile zaidi ni saxhorn, binamu wa tarumbeta, wala si saksofoni. Ila ushindi ulikuwa wa jina moja, na miezi michache baadaye serikali ikaamuru bendi za jeshi zipangwe upya, saksofoni ikiwemo.

Wapinzani wakahamia mahakamani. Walijikusanya kwenye chama, wakachanga fedha, wakadai hataza zake hazina uhalali kwa kuwa hakuvumbua lolote. Kesi zikaburutwa miaka na miaka. Sax alishinda kadhaa, lakini ushindi wa mahakamani haulipi wadai: alifilisika mwaka 1852, akafilisika tena 1873 na 1877. Alifariki Paris mwaka 1894 akiwa hana kitu.

Katikati ya vurugu hizo alipata darasa. Kuanzia 1857 alifundisha saksofoni katika Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris, wanafunzi wake wakiwa wanamuziki wa jeshi. Mwaka 1870 vita na Prussia vikazuka, darasa likafungwa, na halikufunguliwa hadi 1942 chini ya Marcel Mule. Miaka 72! Na katika hiyo miaka 72 ndipo saksofoni ilipoteka dunia.

Waliofundisha ni nani? Marekani ya miaka ya 1920, matangazo ya kiwanda cha Buescher yaliahidi kwamba mnunuzi ataijua skeli kwa saa moja na ataingia bendi ndani ya siku 90. Anayedhani ahadi za namna hiyo zililetwa na intaneti amechelewa karne nzima. Kisha ikaja sahani ya santuri. Mpuliza saksofoni Charlie Parker, majira ya joto ya 1937, alikwenda kupiga milimani Ozark akiwa amebeba sahani zenye sauti ya mpulizaji mwenzake Lester Young, akazirudia hadi akaziweka zote kichwani. Kijana anayepunguza kasi ya video leo ili ashike noti moja moja anafanya kazi ileile, bila kuchakaza sindano.

Huku kwetu sahani nayo ilifundisha. Bendi ya OK Jazz ilipoanza Kinshasa mwaka 1956, saksofoni ilikuwemo mikononi mwa Jean Serge Essous. Mwaka 1963 akaingia Verckys Kiamuangana, ambaye hata jina lake inasemekana ni la mpuliza saksofoni wa Marekani, King Curtis, lililosikika vibaya. Bendi za Dar es Salaam zikafuata mkondo huo, na safu ya wapulizaji ikawa ndiyo fahari ya jukwaa. Baadaye kinanda cha umeme kikaja, mwenye bendi akapiga hesabu ya posho, wapulizaji wakapungua mmoja mmoja. Huo ulikuwa ubahili, na wapenzi wa dansi tuliufumbia macho.

Sasa simu inayo yote: programu ya kupima sauti, ya kuhesabu mapigo, vitabu vya mazoezi vya karne ya 19 visivyolipiwa. Ina upungufu mmoja. Kamera inaonyesha midomo na vidole, lakini ulimi na koo, vinavyoamua kama sauti itakuwa nene au ya kukwaruza, haivioni. Hapo anahitajika mtu aliyekaa karibu, mwenye masikio yake.

Na masomo yenyewe mengi ni ya Kiingereza, yenye nyimbo za Marekani. Kwa hiyo wazee mliopuliza domo la bata enzi za dansi, waiteni wajukuu wawashe kamera. Pulizeni polepole, kisha waelezeni kwa Kiswahili mlikuwa mnavuta pumzi wapi.