Uvimbe Ukivunjwa kwa Sauti, Kinga Huona Nini?

Oktoba 2023, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliruhusu mashine ya kampuni ya HistoSonics itumike kuharibu uvimbe wa ini kwa mawimbi ya sauti, bila kisu, bila sindano na bila mionzi. Habari hiyo ilipokelewa kwa shangwe, na ilistahili. Hata hivyo, anayesoma masharti ya ruhusa yenyewe hukuta jambo ambalo wengi walilipita: mashine imeruhusiwa kuharibu uvimbe, wote au sehemu yake, lakini FDA haikuitathmini kama tiba ya ugonjwa wowote, saratani ikiwemo, wala haikuangalia kama inarefusha maisha. Kuharibu uvimbe ni jambo moja, kutibu saratani ni jingine. Ninachodai hapa ni kwamba katika teknolojia hii namna uvimbe unavyokufa ina uzito uleule wa kufa kwenyewe, kwa kuwa mabaki ya kifo hicho ndiyo ambayo kinga ya mwili huyachunguza. Majaribio yakiendelea kupima ukubwa wa eneo lililoharibiwa tu, tutalikosa jambo kubwa kuliko yote ambayo sauti inaweza kutupa, au tutaliamini kabla halijathibitika.

Mawimbi ya altrasaundi yanaweza kupita kwenye ngozi na misuli bila kuidhuru, kisha nguvu yake ikakusanyika kwenye nukta ya milimita chache ndani kabisa ya mwili. Tangu John Lynn na wenzake walipofanya majaribio yao katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1942, kilichotafutwa kwa miongo mingi kilikuwa joto. Nukta hiyo ikifikia nyuzi 60 za Selsiasi na zaidi, seli zilizomo hufa kwa sekunde chache. Kwa njia hii FDA iliidhinisha mwaka 2004 mashine ya kutibu fibroidi za mfuko wa uzazi, na madaktari wa Chongqing nchini China wamewatibu wagonjwa wengi wa saratani kwa joto hilohilo. Tatizo lake, ukilitazama kwa upande wa kinga, ni kwamba protini zilizochemshwa huganda kama ute wa yai, zikapoteza umbo ambalo lingezitambulisha. Mishipa ya damu nayo huziba, na eneo lililokufa linabaki limefungika.

Histotripsi, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Michigan mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Charles Cain, Zhen Xu na wenzao, ilishika njia nyingine. Badala ya sauti ya mfululizo, mashine hupiga mapigo mafupi sana, ya mikrosekunde, yenye nguvu kubwa. Kila pigo lina nusu inayosukuma na nusu inayovuta, na mvuto huo ukizidi megapaskali 25 hivi, maji yaliyomo ndani ya tishu yenyewe huzaa wingu la viputo. Viputo hupanuka na kuporomoka kwa kasi ambayo hakuna utando wa seli unaoweza kuihimili. Kwa kuwa kimya kati ya pigo na pigo ni kirefu kuliko pigo lenyewe, joto halipati nafasi ya kujilimbikiza. Kinachobaki ni ujiuji usio na seli, ambao mwili huufyonza kwa wiki na miezi. Mishipa mikubwa na mifereji ya nyongo, yenye kolajeni nyingi, huvumilia zaidi kuliko uvimbe unaoizunguka, na ini ndilo lililokuwa kiungo cha kwanza kuruhusiwa.

Sasa tuuangalie ujiuji huo kwa macho ya kinga. Ralph Steinman, aliyezieleza seli za dendriti mwaka 1973 akiwa na Zanvil Cohn, alitupatia ufunguo: kuna seli ambazo kazi yake ni kuokota vipande vya kilichokufa, kuvipeleka kwenye tezi za limfu na kuzionyesha seli T. Polly Matzinger aliongeza mwaka 1994 kwamba kuonyeshwa peke yake hakutoshi. Lazima pawe na dalili ya hatari, kwa sababu seli inayokufa kimyakimya haizui taharuki, ilhali iliyopasuliwa humwaga nje vitu ambavyo kwa kawaida havitoki, kama protini ya HMGB1 na molekuli za ATP. Histotripsi huacha vitu hivyo viwili kwa pamoja, yaani antijeni za uvimbe, vile vipande vinavyoutambulisha, zikiwa hazijachemshwa, na dalili za hatari zikiwa nyingi. Kwa nadharia, mgonjwa hupewa chanjo iliyotengenezwa kwa uvimbe wake mwenyewe, ndani ya mwili wake mwenyewe.

Nadharia hiyo haikubaki hewani. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walitibu kwa histotripsi uvimbe wa upande mmoja kwa panya wenye melanoma, na uvimbe wa upande wa pili, ambao haukuguswa, nao ukapunguza kasi ya kukua. Seli T zenye alama ya CD8, zile zinazoua, ziliongezeka ndani ya uvimbe, na dawa ya kuzuia CTLA-4, breki mojawapo ya seli T, ilipoongezwa matokeo yakawa na nguvu zaidi. Mwaka 2022 kundi hilohilo lilieleza jaribio la panya wakubwa wa maabara wenye saratani ya ini: sehemu tu ya uvimbe, kati ya asilimia 50 na 75, ililengwa kwa makusudi, lakini kwa wanyama 9 kati ya 11 uvimbe wote uliondoka. Hilo ndilo tokeo linalonishughulisha kuliko mengine. Ikiwa sauti inaua tu pale inapofika, ni nani aliyemalizia robo au nusu iliyobaki?

Wala joto si bubu kabisa, na wanaolitupa haraka wanakosea. Katika utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2009, wanawake 48 wenye saratani ya matiti waligawanywa: 23 walitibiwa kwa altrasaundi ya joto kabla ya titi kuondolewa, na 25 walikwenda moja kwa moja kwenye upasuaji. Titi lilipochunguzwa baadaye, kundi la kwanza lilikuwa na seli T na seli uaji za asili nyingi zaidi kwenye mabaki ya uvimbe. Huenda pembezoni, ambako joto halikufika kiwango cha kugandisha, antijeni zilisalimika. Swali zuri, basi, si joto au viputo, bali ni kiasi gani cha kila kimoja, mahali gani na lini.

Tukija kwa binadamu, ushahidi unapungua ghafla. Jaribio la kwanza la histotripsi ya ini, lililofanyika Barcelona, lilikuwa na wagonjwa 8 na uvimbe 11. Kwa wawili kati yao vialama vya saratani kwenye damu viliendelea kushuka katika wiki 8 za ufuatiliaji. Ni dokezo, halizidi hapo. Jaribio lililofungua mlango wa FDA, lililopewa jina HOPE4LIVER, lilihusisha watu 44 wa Marekani na Ulaya. Uvimbe 42 kati ya 44 uliotathminiwa uliharibiwa kama ilivyokusudiwa, na watu 3 walipata madhara makubwa. Kwa upasuaji usio na jeraha hayo ni matokeo mazuri sana. Lakini mafanikio hayo yalipimwa kwa picha zilizopigwa ndani ya saa 36, na madhara ndani ya siku 30. Ndani ya saa 36 mwitikio wa seli T bado haujakomaa. Jaribio lilijibu swali lililoulizwa, na swali hilo halikuwa la kinga.

Kuna sababu za kutoyahamisha matokeo ya panya hadi wodini kwa haraka. R. H. Mole alieleza mwaka 1953 uwezekano wa mionzi kuathiri uvimbe ulio mbali na eneo lililopigwa, na miaka sabini baadaye visa vyake kwa binadamu bado ni vichache. Panya wa maabara hupandikizwa uvimbe wenye umri wa siku, ilhali uvimbe wa binadamu umekaa miaka ukijifunza kujificha. Ini lenyewe ni kiungo cha uvumilivu: hupokea damu iliyobeba vitu vigeni vya chakula, na lingekuwa limeungua zamani kama lingevamia kila kitu kigeni. Mwaka 2021 watafiti wa Michigan walionyesha kwa panya kwamba uvimbe uliosambaa kwenye ini huvuta seli T na kuziua, hivyo kinga ikadhoofika mwili mzima. Tena majaribio ya kuchoma ini la wanyama kwa joto la mawimbi ya redio yaonyesha kuwa jeraha la ini likipona laweza kutoa vichocheo vinavyokuza uvimbe wa mbali. Kidonda kilekile kinachoamsha kinga kinaweza pia kuamsha ukuaji.

Sisi wa Afrika Mashariki na majirani zetu tunalo la kusema hapa. Madaktari wa Kampala na Lusaka walikuwa miongoni mwa wa kwanza, miaka ya 1980, kuona saratani iitwayo sarkoma ya Kaposi ikigeuka kali pale VVU vilipovunja kinga, na baadaye dawa za kupunguza makali zilipofika, vidonda vya wagonjwa wengi vikanywea bila kuguswa. Ushahidi kwamba kinga hushikilia hatamu za saratani ulikuwa mikononi mwetu muda mrefu. Tena saratani ya ini kwetu mara nyingi huzaliwa na virusi vya homa ya ini B, ambavyo mtu huishi navyo tangu utotoni, na seli T zinazopambana na virusi hivyo kwa miongo huchoka. Je, ujiuji wa antijeni unamfundisha nini askari aliyechoka hivyo? Majaribio ya Marekani na Ulaya peke yake hayawezi kutujibia.

Pingamizi lipo, na ni la kibinadamu: mgonjwa asiyeweza kupasuliwa asicheleweshwe kwa ajili ya udadisi wa maabara. Nakubali kabisa, na sidai acheleweshwe. Nadai kwamba anayetibiwa kwa sauti achukuliwe damu kabla, wiki ya kwanza, wiki ya nne na mwezi wa tatu, na akiwa na uvimbe wa pili ambao utatolewa kipande kwa sababu za tiba, sehemu ya kipande hicho ihifadhiwe. Wanaopewa dawa za kuzuia PD-1, breki nyingine ya seli T, wagawanywe kwa bahati nasibu kati ya wanaoanza dawa kabla ya sauti na wanaoanza baada yake, maana mpangilio huo unaweza kuamua kama seli T zitakuta mlango wazi. Kundi linalotibiwa kwa joto liwepo kama kipimo. Na kazi hii ianze na wagonjwa wanaotibiwa leo, kwa sababu ujiuji ukishafyonzwa na mwili hakuna sampuli itakayoweza kuurudisha.