Kutu ya Rangi: Historia ya Njia za Reli za Mfano

Kila reli ina sura mbili. Ubavu wake hupigwa na mvua, jua na vumbi mpaka ukavaa kutu. Uso wake wa juu hupitiwa na magurudumu usiku na mchana, ukang'ara kama kisu kilichotoka kunolewa. Msomaji aliyepata kusimama katika stesheni ya Voi au ya Morogoro ameyaona hayo, pengine bila ya kuyatafakari. Kung'ara kule si pambo. Ni alama ya kazi. Reli isiyopitiwa hupoteza nuru yake, na njia iliyosahauliwa hutambulikana kwa kutu ya juu hata kabla ya majani kuota baina ya mataruma.

Jambo hili lilipata kuwa shida kubwa kwa watu wa Ulaya na Marekani waliojishughulisha na kuunda magari ya moshi ya mfano. Walitaka reli zao ndogo zifanane na za kweli kwa rangi na uchakavu. Na papo hapo walitaka magari yao yaende bila ya kusitasita. Matakwa hayo mawili yaligombana kwa muda mrefu, na historia ya ugomvi huo yastahili kuelezwa, kwa kuwa ndani yake mna hukumu juu ya sura na kazi.

Mwanzoni ugomvi haukuwapo. Mwaka 1891 kiwanda cha Märklin cha mji wa Göppingen, Ujerumani, kilionyesha katika maonyesho ya biashara ya Leipzig gari la moshi la kuchezea lililokwenda kwa nguvu ya kamani, pamoja na reli za bati zilizoweza kuunganishwa na kuongezwa. Frank Hornby wa Liverpool, ambaye jina lake lilikuwa limekwisha enea kwa vyuma vya Meccano, alianza kuuza magari ya namna hiyo mwaka 1920. Mtoto aliyejaza kamani hakuuliza habari za kutu. Bati lililong'ara kote lilimtosha, na reli haikudaiwa zaidi ya kuonyesha njia.

Umeme ulipotiwa katika vichezeo hivi, reli ilitwishwa mzigo wa pili. Sasa ilipasa kuyaongoza magurudumu na kuilisha injini pamoja. Watengenezaji wengi walitumia reli tatu: umeme uliingia kwa reli ya katikati na kurudi kwa zile za pembeni. Ndivyo zilivyokuwa njia za Hornby Dublo zilizotolewa mwaka 1938, zenye upana wa milimita 16.5. Mpango huo ulikuwa imara, lakini mtu aliyejua njia za kweli hakuweza kuitazama ile reli ya katikati bila ya kuona uongo. Marekani, wapenda vipimo sahihi waliiacha mapema. Hornby Dublo nayo ilitoa njia ya reli mbili mwaka 1959.

Kuondoka kwa reli ya katikati kulifurahisha macho, lakini kuliongeza hatari. Reli moja sasa ilileta umeme na ya pili ikaurudisha. Mataruma yalilazimika kuwa ya kitu kisichopitisha umeme, na magurudumu ya ekseli moja yalitengwa ili umeme usikate njia. Nguvu yenyewe kwa kawaida ilikuwa volti 12 tu, na mahali gurudumu linapogusa reli ni padogo kuliko kichwa cha pini. Rangi haipitishi umeme. Tone moja lililokauka juu ya reli laweza kuisimamisha injini palepale, mlima na daraja na stesheni vikabaki kuwa picha tupu.

Chuma cha kawaida kilishika kutu. Shaba ya njano ilifanya utando uliozuia umeme. Baadaye wengi walichagua mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao huitwa fedha ya nikeli ingawa haumo fedha hata chembe. Kwa kazi ulifaa, lakini kwa sura uling'ara juu, chini na ubavuni. Tena reli iliyoenea sana ilikuwa na kimo cha milimita 2.54. Katika mfano uliopunguzwa mara 87, kimo hicho ni sawa na reli ya kweli ya milimita 221, kubwa kuliko reli nzito zilizopata kulazwa. Rangi ya giza ubavuni ilikuwa dawa ya makosa yote mawili: ilifunika mng'aro, na ilipunguza kimo machoni.

Katika miaka ya 1930 Mwingereza John Ahern alianza kuijenga njia yake ya Madder Valley, ambayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Pendon, Uingereza. Alionyesha ya kuwa njia ya mfano si reli peke yake, bali ni nchi nzima yenye nyumba, miti na udongo. Ng'ambo ya bahari, katika mji wa Monterey, California, mpiga picha John Allen alikwenda mbali zaidi. Njia yake, Gorre & Daphetid, ilipewa jina ambalo likitamkwa kwa Kiingereza husikika kama kusema iliyolowa damu na kushindwa. Allen aliyapaka mabehewa masizi, vumbi na kutu katika siku ambazo wengi walitaka vitu vyao ving'are kama vilivyotoka dukani. Picha zake zilienea katika magazeti, na uchakavu ukawa sanaa.

Lakini haifai kusahau ya kuwa mtu huyo aliyesifika kwa uchafu aliushughulikia sana usafi. Jina lake limefungamana na behewa lenye kipande cha ubao mgumu chini ya tumbo lake, ambacho huburuzwa juu ya reli na kuifuta huku gari likiendelea na safari. Mkono uliochafua ubavu ndio uliosafisha uso.

Kutoka katika mazoea ya mafundi wa namna hiyo zilipatikana kanuni. Reli hupakwa ubavu rangi ya kahawia iliyokolea, kwa maana kutu ya zamani si nyekundu kama ya jana. Kabla rangi haijakauka, uso wa juu hufutwa kwa kitambaa kilichoviringishwa juu ya kijiti. Pembe ya ndani, ambamo ukingo wa gurudumu hupita, husafishwa vilevile. Penye maungio nyaya za umeme hulehemiwa kwa kila kipande, ili rangi ikipenya isikate mkondo. Mahali njia zinapogawanyika, ncha za reli zinazosogea haziguswi kwa brashi pale zinapokutana na reli kubwa. Na kokoto hugundishwa kwa uangalifu, maana punje moja iliyopotea huinua gurudumu. Msasa wa kukwaruza huepukwa, kwa sababu kila mkwaruzo ni shimo la kuwekea taka.

Penye pampu ya maji na penye kusimama injini, mataruma hutiwa weusi wa mafuta. Kwingineko hutiwa kijivu cha jua. Kutu ya juu huachiwa zile njia za pembeni ambazo injini haina haja ya kuzifikia.

Ndipo ugomvi wa zamani unapoonekana kuwa haukuwa na msingi. Aliyefuta uso wa reli ili umeme upite hakuiacha kweli, aliifikia. Reli ya kweli nayo ina ubavu wa kutu na uso wa nuru. Tofauti ni moja: injini ya kweli ina uzito wa makumi ya tani, nayo huisaga kutu kila ipitapo, injini ya mfano, ambayo mara nyingi haitimizi hata kilo moja, haina uwezo huo. Kazi ifanywayo na uzito upande mmoja hufanywa na subira ya mkono upande wa pili.

Allen alifariki Januari 1973. Siku chache baadaye nyumba yake ilishika moto, na sehemu kubwa ya njia ile ikateketea. Milima iliyofika darini iligeuka majivu, zikabaki picha. Hata hivyo ujuzi haukuungua. Siku hizi amri za kuendesha injini husafiri kwa ishara ndani ya reli zilezile mbili, na uchafu kidogo huzivuruga. Kwa hiyo kanuni ya zamani imezidi kuwa ya lazima. Kitu huruhusiwa kuzeeka popote, ila pale kinapofanyia kazi.